Kabla Hujampanga Kijana kwenye Orodha Yako ya Drafti ya NHL

Ikikaribia Juni, sisi mashabiki wachache wa hoki ya barafuni hapa Nairobi huanza kubishana nani atachaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya NHL, yaani shughuli ambapo timu za ligi kuu ya Amerika Kaskazini huchagua chipukizi kwa zamu, na karibu kila mara ubishi huanzia pabaya: kwenye mabao. Huyu kafunga hamsini, yule ishirini, basi kwisha maneno. Weka mabao kando kwanza. Tafuta tarehe ya kuzaliwa.

Ili kijana achaguliwe, sharti awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka huo wa drafti. Aliyezaliwa tarehe 16 anangoja mwaka mzima. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, akaikosa drafti ya 2015 kwa siku mbili tu, akaenda Uswisi kucheza na watu wazima mjini Zürich, na 2016 Toronto wakamchukua wa kwanza. Alex Ovechkin naye ni wa tarehe 17 Septemba, mwaka 1985. Florida walijaribu kumnyakua 2003 kwa hoja kwamba ukihesabu zile siku za ziada za Februari, umri umeshatimia! Walikataliwa, lakini nawapa maksi za ubunifu. Upande wa pili yuko Matthew Schaefer, beki aliyechaguliwa wa kwanza na New York Islanders 2025: alizaliwa tarehe 5 Septemba 2007, kwa hiyo angechelewa siku kumi na moja tu angekuwa wa 2026.

Maana yake ni kwamba orodha moja inaweza kuwa na kijana anayekaribia miaka 19 na mwingine ambaye hata 18 hajafikisha. Waliocheza mashindano ya shule wanajua kijeba mmoja anavyoweza kumfanya kocha aonekane fundi. Huko hakuna aliyeghushi cheti, lakini miezi kumi na moja kwenye mwili wa kijana wa miaka 17 ni mabega, ni kasi, ni kushinda paki (kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira) inapogombaniwa ukutani. Mdogo akilingana na mkubwa kwa takwimu, mimi nampanga mdogo juu.

Kisha uliza anacheza na nani. Ligi tatu kubwa za vijana Kanada, yaani OHL, WHL na QMJHL, ni za umri wa miaka 16 hadi 20. Kijana wa Sweden aliyepandishwa SHL, ligi kuu ya kwao, au Mfini aliye Liiga, ligi kuu ya Finland, anagongana na wanaume wenye ndevu na watoto nyumbani. Akipewa dakika nane kwa mechi na kufunga mabao manne msimu mzima, usimcheke. Tazama pia mabao yamepatikana lini: aliyefunga mengi wakati wapinzani wamepungukiwa mtu aliyetolewa kwa adhabu hajathibitisha mengi kama aliyefunga timu zote zikiwa kamili, watano kwa watano.

Hapo ndipo ukae utazame mechi nzima, si video za mabao. Mfuate beki anaporudi kuchukua paki kwenye kona, mpinzani akimfukuzia kwa nyuma. Je, ametupa jicho juu ya bega kabla ya kuifikia? Mara moja au mbili? Aliyetazama huwa ameshajua pasi inakwenda wapi, na paki hukaa kwenye fimbo yake kwa kitambo tu. Asiyetazama hubanwa ukutani, halafu mtangazaji anasema ana bahati mbaya. Aliyewahi kuteleza kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ataelewa haraka, maana uwanja ukiwa mdogo hakuna muda wa kufikiria baada ya kupokea.

Vipimo vya Buffalo, mji wa Marekani ambako NHL huwapima vijana kabla ya drafti, visikupe homa. Vijana hupimwa pumzi, nguvu na kuendesha baiskeli hadi kutapika, na timu huwahoji, lakini hakuna anayevaa viatu vya barafu. Kimo nacho hudanganya: Brayden Point aliachwa hadi nafasi ya 79 mwaka 2014 kwa ufupi wake, na Tampa Bay wamebeba naye Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mara mbili.

Aliyeumia, usimshushe kabla ya kujua ameumia wapi. Schaefer alivunjika mtulinga kwenye mashindano ya dunia ya vijana, akacheza mechi 17 tu za OHL msimu huo, na bado hakuna aliyempita.

Magolikipa wape orodha yao. Hata ofisi ya usakaji vipaji ya NHL huwatenga, kama inavyotenga Amerika Kaskazini na Ulaya, kwa hiyo unapoona kijana ameitwa namba tatu, uliza ni tatu ya orodha ipi. Kipa hukomaa polepole. Henrik Lundqvist, kipa aliyekuja kuwa nyota, alichukuliwa wa 205 mwaka 2000.

Mwisho, saa. Raundi ya kwanza ikianza jioni Marekani, kwetu huwa kama saa nane usiku, na wengi hulala baada ya jina la kumi. Raundi ya pili hadi ya saba hufanyika siku inayofuata, kwetu ikiwa jioni ya kistaarabu. Kama huna budi kuchagua moja, tazama hiyo ya jioni: Pavel Datsyuk, aliyekuja kuwa nyota, alitoka nafasi ya 171.