Namna ya Kuinyoosha Manowari Iliyolala Upande kwa Kutumia Farumi

Kosa la kwanza la ofisa mwenye haraka ni kufungua vali na kujaza tangi la upande wa juu, yaani ule ulioinuka, kabla hajajua ni nini kilichoilaza meli upande. Maji ya farumi, yaani yale yanayotiwa melini ili kuisawazisha, ni uzito kama uzito mwingine wowote: yakikaa mahali pake hukinyoosha chombo, yakikaa pasipo pake huweza kukipindua. Manahodha wa majahazi, waliopanga mawe na mchanga ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, walilijua hilo vizuri, ila wao walikuwa na nafuu moja, kwa kuwa jiwe likishapangwa hutulia, ilhali maji ndani ya tangi hayatulii.

Anza kwa kupima. Soma pembe ya mlalo kwenye timazi ya meli, kisha soma alama za kina pande zote mbili, katikati, omoni (mbele) na tezini (nyuma), ukichukua wastani iwapo mawimbi yanaichezesha meli. Hakikisha pia kwamba hakuna kamba ya gati inayoivuta, kwamba upepo hausukumi ubavu wake mrefu, na kwamba mkuku, yaani uti wa chini wa meli, haujakaa juu ya fungu la mchanga. Ikiwa moja ya hayo ndiyo sababu, hakuna farumi itakayosaidia.

Kisha tambua aina ya mlalo, na hili ndilo jambo lililo zito kuliko yote katika kazi hii. Meli iliyobeba uzito mkubwa upande mmoja hulala upande huohuo siku zote na hurudi hapo kila inapoyumba. Meli iliyokosa uthabiti, kwa sababu uzito mwingi uko juu au maji yanazagaa sitahani, hulala leo kulia na kesho kushoto, na mrama wake ni mzito na wa polepole, kana kwamba inasita kurudi. Ukiitibu hii ya pili kama ile ya kwanza, kwa kujaza upande wa juu, itapinduka ghafla kuelekea upande huo, na kasi yake inaweza kuizamisha. Dawa yake ni kuteremsha uzito: ondoa maji yaliyozagaa juu, kisha jaza matangi madogo ya chini kabisa, ukianza na lile la upande wa chini. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana mlalo huongezeka kidogo mwanzoni, lakini huongezeka taratibu na kwa usalama.

Ukiwa na hakika kwamba tatizo ni uzito wa upande mmoja, piga hesabu. Zidisha uzito wa meli kwa kimo cha metasenta, ambacho ni kipimo cha uthabiti wa meli kwa mita, kisha kwa tanjenti ya pembe ya mlalo; utapata momenti, yaani nguvu ya kuinamisha inayoilaza meli. Tuchukue mfano wa manowari ya tani 40,000 yenye kimo cha metasenta cha mita 2, iliyolala kwa digrii 1.5. Tanjenti ni 0.0262, hivyo momenti inayoilaza ni takriban tani-mita 2,100. Ikiwa tangi liko mita 12 kutoka mstari wa kati, utahitaji kuingiza tani 175 za maji ya bahari. Lakini ikiwa kuna maji au mafuta katika tangi la upande wa chini, ukiyahamishia tangi pacha la upande wa pili yatakuwa yamesafiri mita 24, na tani 88 hivi zitatosha. Ndiyo maana inafaa kuhamisha kilichomo melini kwanza, na kuchota baharini baadaye, kwa sababu kila tani inayoingia huizamisha meli zaidi na kupunguza akiba yake ya kuelea.

Wakati wa kujaza, shughulikia tangi moja moja hadi lijae kabisa. Tangi lililojaa nusu huacha maji yakimbilie upande wa chini kila meli inapoinama, na hivyo huula uthabiti uleule unaoutegemea. Ndiyo maana wajenzi hugawa matangi mapana kwa ukuta wa katikati, ambao huipunguza athari hiyo hadi robo. Fungua njia za hewa, pima kina cha maji tangini kabla na baada, na chagua matangi yaliyo karibu na katikati ya urefu wa meli ili omo wala tezi isizame. Simamisha pampu kabla ya timazi kufika sifuri, subiri, ndipo uongeze kidogo.

Manowari za kubeba ndege za tabaka la Nimitz za Marekani, zenye uzito wa takriban tani 100,000, zinaonyesha gharama ya jambo hili. Mnara wao wa uongozi uko upande wa kulia, na zikijaa shehena huelekea kulala upande huohuo. Zina matangi maalumu ya kurekebisha mlalo, lakini vyumba vitupu vya ubavuni navyo vimewahi kutiwa maji, ilhali vyumba hivyo viliwekwa ili kuipa meli nafasi ya kujinusuru ikipigwa. Kwa maoni yangu hiyo ni kukopa kwa riba kubwa.

Vitani hakuna nafasi ya hesabu ndefu. Katika bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, manowari za Marekani Oklahoma na West Virginia zote zilipigwa torpedo ubavu wa kushoto. Ya kwanza ilipinduka kwa dakika chache. Ya pili mabaharia wake waliwahi kuingiza maji upande wa kulia, ikakaa wima kwenye sakafu ya bandari, na mwaka 1944 ilikuwa imerudi vitani. Mwezi Juni mwaka huohuo, karibu na pwani ya Normandy, Ufaransa, manowari nyingine ya Marekani, Texas, iliifanya kazi hiyo kinyumenyume: ilijaza maji ubavu wa kulia kwa makusudi ili ilale digrii 2 na mizinga yake ifike mbali zaidi.

Kazi ikiisha, andika katika kitabu cha zamu tangi gani lina kiasi gani cha maji na kwa sababu gani. Ndege zikihamishwa au mafuta yakitumika, maji yaleyale yaliyoinyoosha meli yataanza kuilaza upande wa pili, na ofisa wa zamu ijayo lazima ajue yako wapi.