Taa ya VSC haizimi? Weka sifuri kabla ya kununua sensa

VSC ni mfumo unaozuia gari kuteleza kwenye kona. Kwenye Toyota nyingi, chini ya kiboksi cha katikati ya viti vya mbele kuna kisanduku kidogo kilichofungwa sakafuni kwa bolti. Ndani yake mna sensa mbili: moja hupima gari linajizungusha kwa kasi gani, nyingine nguvu inayolisukuma ubavuni. Kompyuta ya breki hulinganisha vipimo hivyo na pembe ya usukani na spidi ya kila tairi. Ukikata kona yenye nusukipenyo cha mita 50 kwa kilomita 50 kwa saa, gari linatakiwa kugeuka kama nyuzi 16 kwa sekunde. Likigeuka pungufu ya hapo, pua inateleza kwenda nje. Kompyuta inabana breki ya tairi la nyuma la ndani. Likizidi, mkia unatoka, na linabanwa tairi la mbele la nje.

Sifuri ya sensa, yaani kipimo inachokihesabu kuwa gari limetulia, ikipotea, hesabu hii haiaminiki tena. Ndipo mfumo unapojizima na taa kubaki inawaka.

Anza kwa kusoma kodi za hitilafu, kwa mashine ya kupimia inayoingia hadi ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki) na VSC. Ile ya injini peke yake haikufai. C1210 au C1336 maana yake sifuri haijawekwa, basi usinunue kitu. C1234 inaelekeza kwenye sensa yenyewe au waya zake.

Toa waya wa hasi wa betri, fungua kiboksi, kisha mulika vizuri kwa tochi. Hapa ndipo penye mambo. Aliyefunga redio au kubadilisha kapeti huenda alikirudisha kisanduku kikiwa kimekalia waya, au mshale wake hauelekei mbele. Kikiinama ubavuni nyuzi 3 tu, sensa inadhani gari linasukumwa kwa karibu 0.5 m/s², nalo limesimama! Kagua pia pini za soketi: soda iliyomwagika na maji ya kuoshea gari huziotesha kutu ya kijani. Sensa iliyoanguka chini usiifunge tena, hata kama haina ufa.

Rudisha betri, ulipeleke gari kwenye sakafu iliyo sawa kabisa. Upepo wa tairi uwe sawa, usukani umenyooka, gia kwenye P. Washa swichi bila kupiga stati, chagua kwenye mashine kazi ya kuweka sifuri ya VSC, na mtu yeyote asipande, asishuke wala kufunga mlango mpaka imalize. Ukifanyia kwenye mteremko, kompyuta itauhifadhi mteremko huo kama sifuri.

Mwisho endesha polepole huku msaidizi anasoma mashine. Gari likisimama, kasi ya kujizungusha iwe karibu na 0. Kona ya kushoto na ya kulia zitoe alama tofauti, chanya na hasi. Likienda moja kwa moja huku pembe ya usukani inasoma nyuzi kadhaa, alaimenti ndiyo mbovu: irekebishe, kisha uweke sifuri upya.