Fesiyea umepata kozi ya makabila na tamaduni? Isome hivi

Kwanza kabisa usiichukulie kama kozi ya kudesa, yaani kukariri notisi, usiku wa kuamkia UE, ule mtihani wa mwisho wa semesta. Mi niliichukulia hivyo wiki tatu za mwanzo, mpaka semina moja hapa Dodoma, mwenzetu anapresenti akasema Wagogo kuombaomba ndo asili yao, darasa likacheka na mimi nikacheka, kumbe dada mmoja wa Mvumi alikuwa amekaa mbele yangu, akafunga daftari taratibu, kalamu akaiweka juu yake, hakuongea tena mpaka kipindi kikaisha. Ile picha sijaisahau.

Kwa hiyo kabla hujasema lolote kuhusu kabila la watu, tafuta kwanza yaliyowakuta. Nenda laibrari utafute habari za mtunya, njaa iliyopiga Ugogo 1917 mpaka 1920. Kwenye vita kuu ya kwanza Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza walivyoingia nao wakachukua vilevile, na mvua nayo ikagoma. Sasa mtu aliyekombewa ghala na zizi, ukimkuta njiani anaomba utasemaje ndo mila yake? Ukipata semina kama ile yetu usinyamaze, nyoosha mkono useme hili, tena kwa upole, maana aliyeongea mara nyingi karudia tu alichosikia kwao.

Madesa mengi yatakuja na mambo ya Marekani, mgomo wa wanafunzi wa chuo cha San Francisco State ulioanza Novemba 1968 hadi Machi 1969 ndo uliozaa kitivo cha kwanza cha masomo haya kule. Soma, ni historia nzito, ila usiibebe jinsi ilivyo ukaibandika huku. Wao wanaongelea sana rangi, sisi tuna makabila zaidi ya 120 na sensa haijauliza kabila tangu ile ya 1967.

Chora ramani yako mwenyewe, usingoje ya lekchara. Anza na Kondoa na maeneo ya jirani, utashangaa: Warangi ni Wabantu, Waburunge ni Wakushi, Wabarabaig ni Waniloti, na Wasandawe lugha yao ina vidoko, zile sauti za kualisha ulimi. Yaani familia nne za lugha zinakutana hapo, mwendo wa basi tu kutoka stendi yetu.

Ukitumwa kuhoji wazee, hapo ndo utulie. Salimia Kigogo, mbukwenyi, hata kama hujui neno lingine, nenda na mwenzio anayekijua, simu ya kurekodi ikae mfukoni mpaka uombe ruhusa. Bibi tuliyemfuata Chamwino alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo, tukakaa chini tukachambua nae karibu saa nzima ndo akauliza, "Wajukuu zangu, mkishaandika mnapeleka wapi?" Hatukuwa na jibu.

Basi rudi ukamsomee ulichoandika kabla hujakusanya. Sisi tulirudi, tukafika pale tulipoandika kwamba wapiga ngoma za muheme, ngoma za Wagogo, ni wanaume, akatukatiza, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa tupu akaibana katikati ya mapaja akaanza kupiga, binti zake wawili wakaja mbio kutoka jikoni wakaitikia.