Kabla Hujawasha Moto: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayetaka Kufua Chuma Nyumbani

Mtu akitaka kuanza uhunzi wa nyumbani, swali lake la kwanza huwa fuawe, lile pande la chuma la kufulia juu yake, ataipata wapi. Fuawe itapatikana. Swali linalopaswa kutangulia ni chuma gani kitaingia motoni, na kimepakwa nini juu yake, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia bila hata kuungua. Pitia haya yote kabla ya kununua mkaa.

Mahali pawe wazi lakini penye kivuli. Rangi ya chuma ndiyo kipimo chako cha joto, na juani chuma chekundu huonekana cheusi. Usifulie chini ya makuti. Usifulie chumbani pia: mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na dirisha moja halitoshi. Chini pawe udongo au mchanga. Chuma cha moto kikiangukia saruji, unyevu uliomo hugeuka mvuke ghafla na vipande vya saruji huruka hadi usoni.

Tanuri si jambo la kukuumiza kichwa. Rimu kuukuu ya gari iliyokandikwa udongo wenye mchanga na majivu inatosha. Iache ikauke siku kadhaa, kisha anza na moto mdogo. Ukiharakisha, udongo utapasuka. Upepo uingie kwa bomba la chuma la inchi moja au moja na nusu, ukitoka kwenye feni ndogo au mashine ya kukaushia nywele, na lazima uwe na njia ya kuupunguza. Upepo ukizidi unakula mkaa bure na kukijaza chuma magamba. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi, ile ya jozi waliyoitumia wahunzi wa Kichaga wa Mamba, Kilimanjaro, ina faida ambayo feni haina: mkono ukisimama, moto nao unatulia. Feni iliyosahaulika huunguza chuma chote. Mkaa uwe wa mti mgumu, vipande vya ukubwa wa ndimu, vumbi lake lichungwe na kuwekwa kando.

Kwa fuawe, reli inafaa sana, lakini reli ni mali ya umma; usinunue isiyo na karatasi. Kipande kinene cha ekseli ya lori kikisimamishwa wima ndani ya gogo kinafanya kazi hiyohiyo. Uso wake ufike kwenye vifundo vya ngumi yako mkono ukiwa umening'inia. Nyundo iwe ya gramu 800 hadi kilo moja, kingo zake zisuguliwe ziwe mviringo, na usiigonge kamwe kwa nyundo nyingine, maana chuma kigumu kikigonga kigumu hutoa kipande kinachoruka. Koleo kila moja lina unene wake; lisiloshika sawasawa litakurushia chuma. Anza na fimbo ya chuma ya sentimita 60, uishike kwa upande ulio baridi, na koleo utalihitaji baadaye.

Vaa pamba au jinzi, si nailoni. Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, suruali ishuke juu yake wala isichomekwe ndani. Miwani, kila siku. Glavu iliyolowa ni hatari kuliko mkono mtupu kwa sababu maji huwa mvuke ndani yake.

Sasa zinki, madini yanayopakwa juu ya chuma kisishike kutu. Hapa soma polepole.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi na huchemka kwenye 907. Chuma cha kufuliwa hupashwa zaidi ya nyuzi 1,000. Maana yake ni kwamba chuma chochote kilichopakwa zinki kikiingia tanurini, zinki yote inatoka kama moshi mweupe mzito, moto unapata ukijani, na majivu meupe mepesi yanaelea hewani. Mambo huenda hivi. Kijana ananunua bomba la maji kuukuu kwenye vyuma chakavu, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, anakata kipande cha kupitishia upepo na kinachobaki anakifanya mpini. Anafanya kazi mchana kutwa. Hakuna kinachomuuma, pengine koo linawasha kidogo na mdomoni kuna ladha tamutamu ya chuma. Anaoga, anakula, analala. Baada ya muda wa saa nne hadi kumi tangu avute ule moshi, baridi inamshika, anatetemeka, homa inapanda, viungo vinauma, kifua kinabana, kiu haishi.

Huku kwetu, nani hatasema ni malaria? Anameza dawa. Kesho yake au keshokutwa amepona, kwa kuwa homa ya zinki kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Sifa inakwenda kwa dawa, na Jumamosi inayofuata anarudi kwenye bomba lilelile. Anayefua siku za mapumziko tu ana hatari ya ziada: anayevuta moshi huo kila siku mwili wake huuzoea kwa muda, homa isionekane ingawa madhara yapo, lakini akipumzika siku chache mazoea yanapotea na homa inampiga upya. Ukipatwa na homa baada ya kufua, nenda ukapime malaria kama kawaida, ila mwambie mhudumu kwamba ulivuta moshi wa chuma. Pumzi ikikupa shida, usisubiri asubuhi.

Maziwa hayasaidii. Mafundi wengi wa kuchomelea huyanywa wakiamini yanasafisha, lakini moshi unaingia mapafuni na maziwa yanaingia tumboni. Kitambaa puani nacho hakizuii kitu.

Kwa hiyo kagua kila kipande. Zinki mpya ina mabaka yanayong'aa. Ya zamani ni kijivu kilichofifia na hudanganya macho. Piga tupa: ukiona ngozi laini ya rangi tofauti juu ya chuma, hiyo ndiyo. Mabomba ya maji, ndoo, mabati, senyenge, bolti na washa vyote vishuku. Ukilazimika kukitumia chuma hicho, kiloweke kwenye siki siku nzima, nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yanayotoka ni haidrojeni na huwaka. Mapovu yakiisha, suuza na upige tupa tena. Usitegemee grainda kwa bomba, ndani haifiki. Bolti zenye rangi ya dhahabu usizifue kabisa: nyingine zimepakwa zinki, nyingine kadmiamu, madini mengine ya kuzuia kutu, kwa macho hutazitofautisha, na moshi wa kadmiamu unaua.

Chochote kilichozibwa pande zote mbili, kama shokapu au bomba lenye vifuniko, hakiingii motoni. Kilichomo ndani kikipata joto kitalipuka.

Springi bapa za pikapu ni chuma kizuri cha visu na patasi. Zifue zikiwa za rangi ya machungwa, uache zikififia kuwa nyekundu iliyoiva. Ukizigonga zimepoa zitapasuka, na zikitoa cheche nyeupe kama nyota zimeshaungua, zitupe. Wakati wa kuzifanya ngumu, tumia sumaku: inaacha kunasa kwenye nyuzi 770 hivi. Zipashe kidogo zaidi ya hapo, kisha uzichovye kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta yasipungue lita tano, yawe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Maji huyapasua makali yake, na oili chafu ya injini hutoa moshi wenye sumu. Chovya kisu chote kwa mara moja. Kikibaki nusu nje, mafuta huwaka pale juu. Yakiwaka, funika. Usimwage maji. Kisha kioke kwenye nyuzi 200 hadi 230 kwa saa moja, mara mbili, la sivyo kitavunjika kikianguka sakafuni.

Ndoo ya maji iwe karibu kwa ajili ya mkono wako pia. Ukiungua, weka chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, yai wala mafuta. Na wengi huungua kwa chuma cheusi, si chekundu: kwenye nyuzi 400 hakiwaki, na mtu anakiokota. Pitisha mgongo wa mkono karibu nacho kwanza. Weka sehemu moja tu ya kuwekea vyuma vya moto na wote waijue, watoto wasivuke mstari uliochorwa chini, wala usifue ukiwa umechoka au peke yako. Ukimaliza, chomoa feni kwenye umeme, chota mkaa uutie kwenye debe la chuma lenye kifuniko uzime wenyewe, kwa sababu mkaa uliofunikwa majivu huweza kubaki na moto hadi asubuhi, na usimwagie tanuri la udongo maji likiwa bado na joto.