SOMO: Kushona kwilti ya vita na amani, hatua kwa hatua (maswali yote yaletwe hapa)

Habari zenu wadau. Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Mama, nielekeze ile kazi ya viraka." Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ninayoizungumzia ni kwilti ya kutundika ukutani. Juu kuna picha ya viraka, katikati kitu cha kujazia, chini bitana, na tabaka zote tatu zimeshonwa zikashikana. Si ya kujifunika. Kazi yake ni kusema jambo.

Vifaa: bafta nyeupe mita moja, vipande vya kanga na vitenge, blanketi kuukuu jepesi la kujazia, marekani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa) ya bitana, uzi wa pamba, sindano za mkono, pini, mkasi, chaki ya fundi na pasi. Ukiwa na cherehani vizuri, usipokuwa nayo mkono unatosha.

1. Chagua kitu kimoja tu. Wengi wakisikia "vita" wanachora bunduki, wakisikia "amani" wanachora njiwa. Hizo tumeshaziona kwenye kalenda na mabango mpaka macho yanazipita. Jiulize hivi: vita vikija, ni kitu gani siwezi hata kufikiria kukipoteza? Swali hili si langu. Ni la Justine Merritt wa Denver, Marekani, aliyewaomba watu kila mmoja ashone kipande cha inchi 18 kwa 36 kuonyesha kile ambacho hawezi kuvumilia kufikiri kimepotea milele katika vita vya nyuklia. Tarehe 4 Agosti 1985, siku mbili kabla bomu la Hiroshima halijatimiza miaka 40, vipande hivyo vilifungwa kimoja kwa kingine vikaizunguka Pentagon, makao makuu ya jeshi la nchi yao. Vilizidi 20,000. Mimi hutumia kipimo hichohicho, kama sentimita 45 kwa 90, kwa sababu mtu mmoja anakimudu.

Mfano wa karibu: mama mmoja niliyemfundisha, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, alishona sufuria ya maharage jikoni. Moto ni kitenge cha rangi ya machungwa, mfuniko umeinuka kidogo kwa mvuke, mlango wa nyuma uko wazi. Mtu hakuna. Risasi hakuna. Kila aliyeitazama alimuuliza swali moja: wenye chakula wako wapi?

2. Chora kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule wa kazi. Mistari michache.

3. Fua vitambaa vyote KABLA ya kukata. Someni hapa taratibu. Kanga mpya, hasa nyekundu na nyeusi, huchuja rangi, na kwenye kazi ya vita karibu kila mtu atataka nyekundu. Kazi yangu moja ya wiki nyingi iliharibikia hapa: nilinyunyiza maji kidogo tu ili nipige pasi, nyekundu ikatambaa kwenye bafta yote. Kwa hiyo: fua kila rangi peke yake, maji ya vuguvugu na sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe. Halafu jaribu. Lowesha kona ya kitambaa, iweke juu ya kipande cha bafta nyeupe, kandamiza kwa pasi ya moto. Bafta ikishika rangi, rudi kwenye beseni. Ikishika tena baada ya kufua mara kadhaa, kiache kitambaa hicho hata kama unakipenda. Habari za chumvi na siki "kufunga rangi" msizitegemee kwa nguo za viwandani za siku hizi. Tena bafta na marekani zikifuliwa hurudi, yaani husinyaa. Zikirudi baada ya kushonwa, picha yote inajikunja. Bafta, marekani na lile blanketi vyote vifuliwe, vikauke, vipigwe pasi.

4. Kata, ukiacha nusu sentimita ya kukunjia kila upande.

5. Panga juu ya bafta, rudi nyuma hatua tano, tazama. Ukiridhika, bandika pini.

6. Kunja kingo, shona viraka kwa mishono midogo.

7. Unganisha tabaka tatu. Bitana chini, blanketi katikati, picha juu. Piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda) kuanzia KATIKATI kwenda nje, kama miale. Ukianzia pembeni kitambaa kitavimba katikati, na huwezi kukinyoosha tena bila kufumua.

8. Shona tabaka zishikane. Usiache nafasi kubwa kuliko kiganja bila mshono. Hapa uzi nao unasema: mistari iliyotulia, yenye nafasi sawa, inapumzisha jicho, mistari inayokatana hovyo inalisumbua. Yule mama wa sufuria alishona jikoni kwa mistari iliyonyooka, lakini palipo mlango mishono yake inakatana yote.

9. Piga pindo, shona nyuma juu mfereji wa kupitisha fimbo, andika jina lako na mwaka.

Maswali karibuni.

---

Neema_K: Somo zuri mama. Ila naweza kuruka kufua? Kanga yangu ni mpya kabisa na safi. Na moja inauzwa shilingi ngapi?

Mama Viraka: Huruki. Mpya ndiyo inayochuja. Soma tena namba 3. Bei sijaandika kwa kuwa somo ni la kushona.

Jembe la Kale: Mimi nilifuata kila kitu na rangi imechuja vilevile. Ua jeupe limekuwa la waridi. Haya masomo yenu ya mtandaoni bwana.

Mama Viraka: Ulifua kila rangi peke yake?

Jembe la Kale: Nilichanganya na nguo zingine kuokoa maji.

Mama Viraka: Basi kaka yangu hukufuata kila kitu. Na jaribio la pasi ulifanya? Msaada huu hapa: usiipige pasi na usiiache ikauke. Iloweke yote kwenye beseni kubwa, maji ya moto mengi na sabuni ya kutosha, saa kadhaa. Maji yakigeuka mekundu, badilisha. Mara nyingi rangi inatoka ikiwa haijakauka humo.

Juma wa Bukoba: Shikamoo mama. Marehemu babu alipigana Vita vya Kagera. Sare yake ipo hadi leo. Nataka kuikata nimshonee kumbukumbu. Ila pia wenzangu wananicheka, mwanaume na sindano.

Mama Viraka: Marahaba mwanangu. Wanaokucheka waambie kuwa askari wa Uingereza wa vita vya Crimea, 1853 hadi 1856, walishona kwilti kwa vitambaa vizito vya sare. Kuna picha iliyochorwa kwa rangi na Thomas Wood inayomwonyesha askari majeruhi kitandani hospitalini akishona viraka vyekundu. Lakini sare usiikate. Hapa kwetu raia haruhusiwi kuwa na sare za jeshi, sembuse kuzitundika sebuleni. Kaki ya kawaida ya dukani inatosha. Bibi yupo? Muulize, ile 1978 na 1979 babu akiwa vitani, jioni alikuwa anafanya nini.

Juma wa Bukoba: Nimempigia. Anasema redio ilikuwa kwa jirani tu. Walikuwa wanajaa pale kusubiri taarifa ya habari.

Mama Viraka: Umeshapata kwilti yako. Shona redio, na viatu vya wanawake vilivyovuliwa mlangoni. Kila kiatu kiraka chake. Muombe bibi kipande cha kanga yake ya zamani, hizo zimeshafuliwa miaka, hazichuji.

Furaha_Bukavu: Mama, asanti kwa somo. Mimi niko Bukavu. Nataka kuweka majina ya watu wetu waliouawa, lakini naogopa.

Mama Viraka: Pole sana mdogo wangu. Una haki ya kuogopa. Chile, baada ya jeshi kupindua serikali Septemba 1973, wanawake waliotafuta waume na watoto wao walioshikwa walishona picha kwa vitambaa chakavu juu ya magunia. Wengine walitia nyuma kifuko chenye karatasi iliyoeleza habari yenyewe. Kanisa liliwasaidia, kazi zikauzwa nje ya nchi. Fanya hivyo: mbele shona vitu vyao, kofia, baiskeli, daftari la shule. Majina yakae kwenye kifuko nyuma, au yakae kwako tu kwa sasa. Na usitume picha yake mtandaoni, hata hapa.

Bi Rukia Mombasa: Nina leso (kanga) yenye jina "Wapiganapo tembo nyasi huumia". Nikate hayo maandishi niyashone juu?

Mama Viraka: Swali zuri dada. Maandishi yaweke chini, madogo, na tembo usiwashone kabisa. Shona nyasi zilizolala. Kijani zikiwa nne au tano tofauti, zitaonekana zimekanyagwa kweli.

Fundi Shaibu: Nyongeza kwa wenye cherehani: sindano namba 14 inavunjika kwenye blanketi, wekeni 16. Legezeni mguu usikandamize sana, mshono uwe mrefu kidogo.

Mama Viraka: Asante fundi, hilo sikuliandika. Na uzi?

Fundi Shaibu: Wa pamba ni mzuri kama ulivyosema, ila ukikatikakatika usugue kwenye nta ya mshumaa usiowashwa. Kwa mkono tu lakini, kwenye cherehani nta inaziba.

Neema_K: Nimefua. Maji ya kwanza yalikuwa kama damu, sasa niko maji ya tatu. Mwanza bafta nzuri naipata wapi?

Mama Viraka: Umefanya vyema Neema. Walioko Mwanza mwelekezeni mwenzenu. Ukifika dukani, nyoosha kitambaa kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako vizuri upande wa pili, ni chepesi mno, omba kingine.