Kuwinda kwa Upinde Marekani: Misimu na Leseni kwa Mkaazi wa Nairobi

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuilegeza marufuku hiyo. Kwa hiyo, mkaazi wa Nairobi aliye stadi wa kulenga shabaha kwa upinde hana msimu wa kusubiri wala leseni ya kuomba hapa nyumbani, na akiingia na upinde wake katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi bila idhini huwa ametenda kosa hata kabla ya kutoa mshale katika podo. Maelezo haya ni ya mtu wa namna hiyo ambaye ndugu yake anayeishi Marekani amemwalika wakawinde pamoja, naye angependa kwenda akiwa na karatasi zilizo sawa.

Ufahamu kwanza kwamba hakuna leseni ya uwindaji ya Marekani nzima. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina sheria zake, misimu yake na ada zake, na leseni ya Texas haina thamani yoyote New York. Muulize mwenyeji wako jimbo gani hasa mtawinda, kisha kaunti gani, kwa sababu hata ndani ya jimbo moja tarehe na masharti hutofautiana. Nitatumia majimbo hayo mawili kama mifano, na mnyama mmoja, yaani kulungu wa mkia mweupe, ambaye ndiye huwindwa sana kwa upinde.

Msimu wa upinde kwa kawaida hutangulia ule wa bunduki. Texas, msimu huo hufunguliwa Jumamosi ya mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba na kuendelea kwa majuma matano, mpaka Jumamosi ya kwanza ya Novemba ambapo msimu wa kawaida, unaoruhusu bunduki, huanza katika kaunti nyingi. Kusini mwa New York, upinde huanza Oktoba 1. Unaposoma ratiba hizo kumbuka kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku: 10/1 ni tarehe mosi Oktoba, si tarehe 10 Januari. Ni jambo dogo, lakini tiketi ya ndege iliyokatwa kwa kuisoma tarehe Kikenya haitakufikisha msimuni. Saa nazo zina mipaka, kwani katika Texas kulungu huwindwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya jua kuzama.

Baada ya tarehe, thibitisha iwapo wewe ni mkaazi au mgeni mbele ya sheria ya jimbo, maana bei hutegemea hilo. Texas humhesabu mtu kuwa mkaazi baada ya kuishi humo miezi sita mfululizo, ilhali New York hutaka zaidi ya siku 30 katika makao ya kudumu. Anayetoka Nairobi kwa matembezi ni mgeni, hata akilala kwa kakake. Leseni ya jumla ya mgeni Texas imekuwa ikiuzwa dola 315, na juu yake huongezwa idhini ya upinde ya dola 7, ambayo bila hiyo huwezi kuwinda katika msimu wa upinde pekee. Thibitisha ada hizo kabla ya kulipa, kisha uangalie mwisho wa leseni: mwaka wa leseni wa Texas huanza Septemba 1 na kumalizika Agosti 31.

Cheti cha mafunzo ndicho huwakwamisha wageni wengi. Texas humtaka kila aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye awe amehitimu mafunzo ya uwindaji. Aliyetimiza miaka 17 anaweza kuyafanya yote mtandaoni, au alipie ruhusa ya kuyaahirisha, itolewayo mara moja tu maishani, mradi awinde akiandamana na mwenye leseni aliyehitimu. New York ni kali zaidi, kwa kuwa hutaka pia mafunzo maalumu ya upinde. Binafsi sipendi njia ya kuahirisha. Kama mtawinda Texas, maliza mafunzo ukiwa bado Nairobi, kabla ya kununua tiketi.

Upinde una nafuu moja: sheria ya shirikisho inayowazuia wageni wengi wenye viza za muda kumiliki bunduki pasipo sababu maalumu, kama vile leseni ya kuwinda, haihesabu upinde kuwa bunduki. Hata hivyo, upinde na mishale husafirishwa katika mizigo ya chini ya ndege, kamwe si mkononi. Kigumba chenye makali kisipungue upana wa inchi 7/8, yaani takriban sentimita 2.2, katika majimbo yote mawili, na New York hutaka upinde wenye mvuto usiopungua ratili 35. Sumu imekatazwa. Nalitaja hili kwa sababu sisi tumelelewa kwa simulizi za Wakamba na Waata, ambao mshale wao bila sumu haukuhesabiwa kuwa mshale. Ufundi huo uache katika simulizi.

Sehemu kubwa sana ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi, na kuwinda humo bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa zito. Usitafute kibao pekee. Mistari ya wima ya rangi ya zambarau iliyopakwa kwenye miti au nguzo, kati ya futi tatu na tano kutoka chini, humaanisha kisheria kwamba hapaingiwi. Kulungu aliyefumwa kwa mshale mara nyingi hukimbia kwanza kabla ya kuanguka, na akivuka ua, huna haki ya kumfuata mpaka upate ruhusa ya jirani. Zungumzeni naye mapema, kabla ya siku yenyewe.

Mnyama akishaanguka, usimburute bado. Ukiwa na leseni ya karatasi ya Texas, toa lebo ya kulungu iliyoambatana nayo, kwa ncha ya kisu ukate na kutoa kabisa mwezi na siku ya kumwua, kisha uifunge kwenye mzoga. Kuzungushia tarehe kwa kalamu hakutoshi. Halafu ujaze orodha ya mawindo iliyo nyuma ya leseni. Afisa wa wanyamapori akiwakuta njiani, lebo hiyo ndiyo atakayoitazama kwanza.

Nyama iliwe huko huko. Kuingiza nyama Kenya huhitaji kibali cha mifugo, na majimbo mengi huzuia ubongo na uti wa mgongo wa kulungu kusafirishwa kwa hofu ya ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu, uliogunduliwa Texas mwaka 2012. Pembe nazo zisitiwe mzigoni kabla ya kuuliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na kupata jibu kwa maandishi.