Pima Fikra za Mtoto Mwenye Usonji Kabla ya Kupima Maneno

Mtoto mwenye usonji (autism) asiyetamka neno anaweza kuikumbuka kila kona ya njia kutoka Kondele hadi kwa nyanya yake. Usikadirie akili yake kwa ulimi.

Kwanza apimwe masikio hospitalini, hata kama hugeuka akisikia honi ya matatu. Huenda anasikia honi na bado hasikii sauti nyembamba za maneno.

Kisha tafuta vifuniko 12 vya soda, 6 vyekundu na 6 vya buluu, na vikombe 2. Kaa naye karibu, asivitie mdomoni. Bila kusema lolote, tia chekundu kikombe hiki, cha buluu kile, halafu mpe cha tatu. Akiweza, panga mezani vyekundu viwili, cha buluu kimoja, vyekundu viwili, umwachie aweke kinachofuata. Hapo unaona fikra bila lugha.

Siku nyingine tumia vitu vilevile kwa maneno: "Weka chekundu kikombeni." Wengi hukosea hapa. Jicho la mzazi hutangulia kwenye kikombe, mtoto hulifuata, nasi tunadhani ameelewa. Mikono ikae magotini, macho yasielekee popote penye jibu. Sema mara moja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi 10. Ukirudia upesi unamkatiza akiwa bado anachambua agizo.

Akifaulu zoezi la kwanza lisilo na maneno akakwama la pili, huenda shida kubwa iko kwenye kuelewa lugha. Yupo pia anayekariri matangazo yote ya redio lakini agizo la hatua mbili humshinda. Huyo hudhaniwa mkaidi, na si haki. Mtoto akikuuliza "Unataka chai?" huenda anarudia maneno yako ili kuomba chai. Mpe, ukimsemea "Nataka chai."

Kwa kuoga, mchoree beseni, sabuni na taulo kwa mpangilio. Agizo la mdomo hupotea likishatamkwa, picha hubaki. Maneno mapya nayo yafuate macho yake: akitazama gurudumu, sema "linazunguka", unyamaze.

Fanyeni haya kwa lugha ya nyumbani, Kijaluo au Kiluhya. Lugha mbili hazisababishi usonji.

Andika alichofanya, kwa vitu gani na kwa lugha gani, upeleke kituo cha EARC kilicho karibu nawe, yaani kituo cha kutathmini mahitaji ya watoto kielimu. Ukipewa alama ya mtihani wa akili, uliza kama mtihani ule ulihitaji maneno. Kama ulihitaji, omba apewe mwingine usioyahitaji.